Fundi Aliyetuinamisha

Mtu aliyeingia dukani kwa Fundi kwa mara ya kwanza aliangaza huku na huku, kisha akauliza, "Wenyewe wako wapi?" Na sauti ilimjibu kutoka chini, karibu na mshipi wake: "Wenyewe wako hapa, wanangoja umalize kukagua dari."

Mimi nami nilikagua dari. Nilikuwa nimeingia kutafuta mtu wa kunipunguzia sketi, miaka ile ya utawala wa jeshi, wakati nilikuwa nakata tiketi kwenye sinema moja mjini Jinja na mume wangu akiendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala. Sisi ni watu wa Bungoma, upande wa Kenya, lakini Jinja palikuwa kwenye njia ya safari zake, tukapanga chumba hapo. Nilipoteremsha macho nikamwona: mwanamke wa makamo, kifua kipana, mikono mifupi yenye nguvu, kichwa chake kikinifika kiunoni. Hakunipa nafasi ya kushangaa. Aliivuta sketi yangu, akaigeuza pindo, akaniuliza, "Aliyekushonea hii mlikuwa na ugomvi?"

Urafiki wetu ulianza hapo. Alikuwa na jina, na kanisani walilitumia, lakini mjini kote aliitwa Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu. Mimi aliniita Tiketi. Ukimwuliza ametoka wapi, alisema, "Nimetoka nyumbani, na wewe?" Kwa hiyo mambo ya kwao siyajui, na sikuyahitaji.

Alikuwa na ulimi. Neno lake la matusi lilikuwa "mrefu." Mtu akimkanyaga sokoni: "Tazama huyu mrefu!" Redio ikitangaza amri mpya, alitikisa kichwa: "Warefu wameamka vibaya tena." Kule Busoga, yaani Jinja na vijiji vyake, mwanamke anapiga magoti akimsalimu mkubwa wake, na Fundi hakupiga magoti kwa yeyote. Mchungaji alipomgusia jambo hilo kwa upole, alimjibu, "Mimi nilikuja duniani nimeshapiga magoti, Mchungaji. Wanipokee hivyohivyo."

Kitu kilichomkasirisha kuliko vyote ni mtu kumpita kana kwamba hayupo. Lakini kwenye foleni ya sukari, jambo lilelile lilikuwa mtaji wake. Sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, chumvi adimu, na watu walianza kupanga foleni kabla hata hawajajua kinachouzwa. Fundi alikuja amechelewa, na mfuko wake, akapita katikati ya miguu ya watu polepole kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka, na mara akatokeza kaunta. Watu wakipiga kelele, aliwageukia: "Nilikuwepo tangu asubuhi. Nani kati yenu anaweza kuapa hakuniona? Si hamnionagi siku zote?" Na kwa kuwa ilikuwa kweli kwamba hawakumwonaga siku zote, walimpisha auziwe.

Kwa ulimi ule ungedhani hakuna kilichomuuma. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kukaa naye dukani siku ambazo sinema imefungwa. Niligundua kwamba cherehani yake ilielekea ukutani, na yeye aliketi akiupa mlango mgongo. Kwa miaka mingi alikuwa ameshona chumba cha nyuma katika duka la Mhindi mmoja, mzee mwema kwa namna yake, aliyemsifu kwa kila mtu ila hakutaka wateja wamwone. Wahindi walipofukuzwa nchini, mzee yule alimwachia cherehani na chumba cha mbele pia, akaondoka na begi moja, akilia. Fundi alihamia mbele, lakini akaigeuza cherehani ielekee ukutani kama alivyozoea.

Tena alivaa nguo za watoto. Hilo lilinishangaza zaidi, maana mikono yake ilishona magauni ya maharusi, makoti ya mahakimu na gomesi, yale magauni marefu ya sherehe ya Uganda, ambayo wake za wakubwa waligombania. Yeye mwenyewe alinunua magauni ya Jumapili ya watoto wa shule, yenye kola pana na riboni mgongoni, akafumua riboni, akavaa. Kiuno cha gauni kilimkaa kwapani. Mikono ya gauni ilimzidi, akaikunja. Nilimwuliza siku moja kwa nini hajishonei. Akasema, "Nitajishonea kwa kipimo cha nani? Sijawahi kuona nguo ya mtu kama mimi. Sijawahi hata kumwona mtu kama mimi." Akabadilisha mazungumzo, akaanza kunisema kuhusu viatu vyangu.

Sasa nije kwenye sinema, kwa sababu bila ule mkanda nisingekuwa na la kusimulia zaidi ya vituko.

Sinema yetu ilikuwa imedhoofika. Ilipewa bwana mmoja, shemeji ya mtu fulani jeshini, ambaye hakupenda sinema; alipenda kiti cha meneja. Filamu mpya hazikuja. Tulionyesha zilezile za ngumi na mapenzi mpaka watazamaji wakawa wanawajibu waigizaji kabla hawajaulizwa. Operata wetu, mtu wa Tororo, mpole, aliyefunga tai hata siku ambazo ukumbi ulikuwa na watu kumi na mbu, akaanza kufukua stoo. Humo alikuta mikanda ambayo wenyewe wa zamani walikuwa wameiacha bila kuionyesha: mmoja kuhusu ufugaji wa nyuki, mwingine kuhusu reli, mwingine ulioandikwa kwa lugha ambayo hatukuitambua. "Tutaweka huu kabla ya filamu kubwa," alisema, "angalau watu waone sura mpya."

Jumamosi ya kuuonyesha, mchana, mvua ilikuwa imenyesha, nikajua ukumbi utakuwa nusu mtupu. Nikamshawishi Fundi aje. Kwa kawaida alikataa. "Nikatazame kisogo cha mrefu gani leo?" Lakini siku hiyo paa la duka lilikuwa linavuja juu ya meza yake ya kukatia, akawa na hasira na paa, akaja.

Taa zilizimwa. Spika ilikohoa mara moja ikafa. Operata akatoa kichwa kwenye kidirisha chake akatuomba radhi, akasema picha itaendelea bila sauti. Na picha ikaendelea.

Ilikuwa nchi ya baridi. Barabara yenye theluji, nyumba za matofali. Mwanamume mmoja anafungua mlango wa nyumba, anaingia, anawasha taa, anavua koti. Ilituchukua muda kuelewa, kwa sababu kila kitu ndani ya nyumba ile kilimtosha: mlango, meza, kabati. Kisha akaingia jirani yake, mtu wa kimo kama changu, akalazimika kuinama, na ukumbi mzima ukagutuka. Mwenye nyumba alikuwa mfupi kama Fundi. Mkewe akatokea jikoni, naye mfupi. Alikuwa na gauni la rangi moja, limemkaa kiunoni palepale penye kiuno. Akachukua sufuria kwenye kabati bila kupanda juu ya kitu chochote.

Watu wakaanza kucheka. Haikuwa picha ya kuchekesha. Walicheka kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Nakalanga!" Hilo ndilo jina wanaloitwa watu wafupi pande zile, jina la pepo wa msituni anayesemekana kumzuia mtoto asikue. Wengine wakaitikia, "Nakalanga! Nakalanga!" Nilihisi kiti cha jirani yangu kimetikisika. Fundi alikuwa amesimama juu yake.

"Nyamazeni!" alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya mtu aliyezoea kutoa amri akiwa na mkasi mkononi. "Nawaangalia watu wangu, na sijawahi kuwaona."

Ukumbi ukanyamaza. Kwenye pazia mwanamke mwingine mfupi alikuwa anafundisha darasa la watoto warefu kuliko yeye, na hakuna aliyemcheka. Mzee mfupi aliendesha gari lenye vipande vya mbao kwenye pedeli. Fundi aliendelea kusimama, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mwishoni kulikuwa na ukumbi wa dansi, watu wafupi watupu, wazee kwa vijana, wamevaa suti na magauni, wanacheza, wanakunywa, wawili wanagombana kwenye kona kama watu wanavyogombana popote. Hapo kijana mmoja safu ya nyuma akasema kwa adabu kabisa, "Mama Fundi, tafadhali kaa. Umetuziba."

Fundi aligeuka akamtazama. Akaketi. Maneno yale aliyasimulia mpaka uzeeni. "Maisha yangu yote nimezibwa," alisema. "Siku hiyo niliziba."

Hakutazama filamu kubwa. Tulitoka nje, tukatembea hadi karibu na duka, ndipo akauliza, "Tiketi, uliiona swichi?"

"Swichi gani?"

"Ya taa. Yule bwana aliingia nyumbani akaiwasha bila kuitazama." Akasimama katikati ya njia. "Mimi nawasha taa kwa mpini wa ufagio. Miaka yote. Nilidhani nyumba ndivyo zilivyo, na kosa ni langu. Kumbe ni mtu tu aliyeamua swichi ikae wapi."

Alilia pale njiani, wazi, bila kujifunika uso. Kisha akacheka. Kisha akaniambia nisimame vizuri, namwaibisha.

Siku zilizofuata alikuwa anakuja sinema asubuhi, kabla hatujafungua. Operata alimwonyeshea mkanda ule akiwa peke yake katika ukumbi mtupu, safu ya mbele. Kwa kuwa haukuwa na sauti, Fundi aliwatilia maneno. "Huyu anamwambia mumewe chakula kimepoa. Huyu anamwambia mwanafunzi, wewe mrefu, toka dirishani." Operata alicheka mpaka akasahau kubadilisha mkanda. Ulipokatika vipandevipande usiweze kuungwa tena, Fundi alisema haidhuru, ameshaukariri.

Kisha akaanza kazi. Kwanza alifumua nguo zake zote, zile za watoto, akazikata kuwa vitambaa vya kufutia cherehani. Alijipima kwa futi mbele ya kioo, akachora kwenye karatasi za saruji, akakata, akajaribu, akatupa. Mabega yalimshinda. Makalio yalimshinda. Kwa wiki nzima duka lilikuwa limejaa magauni yasiyo na mikono, naye amekasirika kama simba, wateja wanarudishwa mlangoni. Nilimletea chai akaniambia chai inanuka. Halafu Jumapili moja aliingia kanisani na gauni la buluu iliyoiva, kiuno mahali pake, mikono mahali pake, pindo likigusa kifundo cha mguu. Kwaya ilikosea kuingia. Mwanamke aliyekaa karibu nami alininong'oneza, "Kumbe ni mtu mzima!" Alikuwa amemjua Fundi kwa miaka mingi.

Baada ya gauni likaja duka. Alimwita seremala, akakata miguu ya meza ya kukatia. Akateremsha cherehani na kuipandisha pedeli. Akaigeuza ielekee mlangoni. Akatengenezesha viti vipya, vya mninga, vizuri sana, vyenye mito, vilivyomfaa yeye. Visingemfaa mwingine yeyote. Seremala aliuliza wateja watakaa wapi. "Hapo hapo," akasema Fundi. "Wajifunze." Zamani alikuwa anapanda juu ya kreti kumpima mtu kifua. Kreti akaichoma kuni. Sasa ukitaka kupimwa, uliinama, na ukiwa mrefu sana, ulipiga magoti. Nilimwona hakimu amepiga magoti. Nilimwona mchungaji yuleyule, magoti chini, mikono juu, na Fundi akimzungushia futi shingoni huku akisema, "Unaona, Mchungaji? Si vigumu."

Wakaanza kuja watu wengine. Sijui walisikia kwa nani. Mama mfupi aliyeuza samaki waliokaushwa. Mzee mfupi wa upande wa Iganga aliyekuja na kijana wake mrefu amembebea mwavuli. Na kijana wa Buwenge, mji mdogo wa soko kaskazini ya Jinja, mwuza karanga, aliyesimama mlangoni amekunja kofia mkononi akasema, "Mimi nataka suti ya halusi. Lakini nataka ya mwanamume, siyo ya mtoto."

"Bibi harusi ana kimo gani?" Fundi aliuliza.

"Mlefu."

"Masikini. Tutamsaidia."

Alishona suti ile kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kumwona akifanya. Nilikwenda na Fundi harusini. Watu wa Buwenge walikuwa wamejaa kuja kuona kichekesho, wengine wamepanda juu ya mabaiskeli. Bwana harusi aliposhuka kwenye gari, suti ya kijivu, bega limekaa, suruali imeanguka juu ya kiatu kwa mkunjo mmoja, kicheko kilianza kikafia njiani. Wazee wawili wakamwamkia kwa heshima bila kukusudia. Fundi alikuwa amenishika mkono, akaubana mpaka ukauma. "Umeona?" alisema. "Umeona lile bega?"

Lakini sifa ni kitu kibaya chini ya utawala kama ule. Kadiri watu wachache walivyokujua ndivyo ulivyolala salama, na Fundi, aliyekuwa ameupa mlango mgongo miaka yote, sasa alijulikana mpaka Kimaka, walikokaa maofisa.

Meja alikuja asubuhi, na askari wawili waliobaki mlangoni. Nilikuwa ndani, nimekaa na pindo la pazia mapajani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye manukato, Kiswahili chake kile cha kambini.

"Wewe ndio fundi ya watu fupi?"

"Ndiyo mimi, afande."

Meja aliangalia duka. Macho yake yakatua kwenye picha ya Rais. Kila duka lilikuwa na picha ile, na kila mtu aliitundika juu, karibu na dari. Ya Fundi ilikuwa chini, usawa wa kiuno cha Meja.

"Kwa nini unaweka Rais chini?"

Sindano ilinichoma kidole, na sikuthubutu kukitoa. Watu walikuwa wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, wakatiwa kwenye buti la gari, basi.

"Afande," alisema Fundi, "nimemweka macho yangu yanapofika. Ningemweka kule juu, kila asubuhi ningekuwa nausalimu ukuta."

Meja alifikiri. Kisha akacheka, askari wakacheka, nami nikacheka nikiwa natokwa na damu. Akatafuta kiti. Vilikuwepo vile tu. Akajishusha, akajishusha, akaendelea kujishusha, mpaka magoti yakamfika masikioni, na bastola ikamchoma mbavuni. Kutoka hapo ndipo akaeleza shida yake.

Kulikuwa na sherehe inakuja, wageni wakubwa. Alitaka watu wafupi wa Fundi, wote. "Wanavaa uniform. Wanabeba bunduki ya mbao. Wanapiga machi mbele ya wageni, wanaanguka, wanasimama, wanaanguka. Watu wanacheka. Mkubwa anapenda sana kucheka. Na wewe," akamwonyesha kidole, "wewe nakuwa jenerali yao."

Nilimtazama Fundi. Uso wake haukuonyesha kitu. Aliokota futi, akaiviringisha polepole kidoleni.

"Ndiyo, afande. Unataka wangapi?"

"Wengi."

"Hapa Jinja hakuna wengi. Tuko wawili watatu tu, na wengine wagonjwa. Wengi wako Mbale."

"Mbale?"

"Kule chini ya mlima. Wamejaa. Lakini ni watu waoga, afande, wakiona askari watakimbilia mlimani. Mimi watanisikiliza. Ila uniform lazima niwashonee hukohuko, mwilini, maana hakuna anayelingana na mwenzake. Nitahitaji cherehani yangu, meza yangu, viti hivi, na kitambaa."

Meja alijaribu kusimama ikashindikana. Askari mmoja akaja akamvuta mkono. Labda ilikuwa haraka ya kutoka kwenye kiti kile iliyomfanya asifikiri zaidi. "Kesho gari inakuja," alisema. "Kitambaa pia."

Walipoondoka, Fundi aliketi chini sakafuni. "Tiketi," alisema, "nenda Buwenge leo. Mwambie yule bwana harusi amchukue mkewe waende kwa wakwe, mbali na barabara, wasiuze karanga mpaka wasikie mambo yametulia. Mama wa samaki nitamwambia mwenyewe. Na yule mzee wa Iganga apelekewe habari."

"Na wewe?"

"Mimi si napelekwa Mbale na serikali?"

Nilikwenda Buwenge kwa teksi, moyo mkononi. Bwana harusi alinisikiliza, hakuuliza maswali, akaanza kufunga magodoro. Asubuhi niliwahi kurudi kumwona Fundi akiondoka. Landrova ya jeshi ilikuwa mlangoni. Askari walikuwa wanatoa viti vidogo, kimoja kichwani kwa kila mtu, kwa uangalifu, kwa sababu Fundi alikuwa amesimama kizingitini akiwafokea: "Taratibu, wewe mrefu! Huo ni mninga!" Watu wa mtaani walidhani amekamatwa. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti. Fundi alipandishwa kiti cha mbele, juu ya mito miwili, akakaa kama waziri, akatupungia mkono. Gari likaondoka. Kwenye vizuizi vya barabarani, nilisikia baadaye, askari walilipigia saluti.

Yaliyotokea Mbale aliyaeleza mwenyewe. Dereva alikuwa koplo kijana, mtu wa kaskazini. Walipofika Nabuyonga, mtaa wa Mbale, kwa rafiki wa Fundi wa kanisani, aliteremsha cherehani, meza, viti na jora la kaki. Kisha akasimama kando ya gari.

"Mama," alisema, "hapa Mbale kuna watu fupi wengi kweli?"

Fundi alimtazama. Baadaye aliniambia alijua kwamba uhai wake uko kwenye jibu hilo, na kwamba alikuwa amechoka kudanganya.

"Yuko mmoja," akasema.

"Nani?"

"Mimi. Nimefika sasa hivi."

Koplo alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akasema, "Basi mimi naambia Meja watu wamekimbia mlimani, na wewe umewafuata." Akaondoka. Jina lake Fundi hakulijua, lakini kila Jumapili alimwombea, "yule mrefu mwenye akili."

Kwangu hawakukosa kuja. Askari wawili waliinama kwenye kidirisha cha tiketi. "Fundi iko wapi?" Niliwaambia yuko Mbale, si nyinyi ndio mliompeleka? Walitazamana, wakaondoka. Mume wangu aliporudi kutoka safari alisema tufungashe turudi Bungoma siku hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikubishana naye. Lakini kabla hatujamaliza kufunga, habari zikafika: Meja mwenyewe amechukuliwa na askari wengine, hajulikani alipo. Sherehe haikufanyika, nasi tukafungua mizigo tukabaki. Nilimwona mkewe stendi na watoto na godoro moja. Alikuwa anakuja sinema kila Jumamosi, alipenda filamu za mapenzi. Sikuweza kufurahi.

Miaka michache ikapita. Tulipoamua kurudi kwetu moja kwa moja, mambo ya Uganda yakiwa yamezidi kuwa mabaya, nilimwambia mume wangu atangulie na vyombo, nikapitia Mbale makusudi.

Nilimkuta Nabuyonga, katika chumba chenye dirisha kubwa linaloangalia barabara. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, miwani imekaa puani. Alinitazama kutoka juu hadi chini, safari ndefu kwa macho yake.

"Umenenepa, Tiketi. Keti, kama utaweza kuinuka."

Tulikunywa kahawa, tukawateta watu wote tuliowajua, walio hai kwa sauti na waliokufa kwa kunong'ona. Niliuliza kama anapata wateja. Akasema watu wa Mbale wanapenda kupendeza, ila wana haraka.

Katikati ya mazungumzo akaingia mama mmoja kutoka mlimani, viatu vyake vina udongo mwekundu, amebeba mgongoni mtoto wa kike aliyefunikwa shuka kichwa hadi miguu. Kwa jinsi alivyoelemewa, mtoto alikuwa mkubwa mno wa kubebwa. Mama alisalimu, akasema anataka kushonewa kitu kama joho, refu, pana, la kumfunika mtoto akienda naye njiani. Watu wanasema sana, alisema. Ni heri wasimwone.

"Mteremshe," alisema Fundi.

Mama alisita, akamteremsha. Mtoto alitoka kwenye shuka akasimama. Paji pana la uso, mikono mifupi, miguu iliyopinda kidogo. Umri wake ungekuwa miaka minane au tisa, kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Alimtazama Fundi. Akatazama viatu vyake, gauni lake, miwani, akamzunguka nyuma akarudi mbele. Mama alianza kumkemea, Fundi akamzuia kwa mkono.

"Na wewe," mtoto aliuliza, "ulikataa kukua?"

Mama akafunika mdomo. Fundi aliweka mkasi mezani.

"Nani anasema umekataa?"

"Bibi. Na watu."

"Mimi sikukataa," alisema Fundi. "Nilikua. Nikakua, nikakua, mpaka nikamaliza. Hapa ndipo nilipomalizia."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. "Umemaliza kabisa?"

"Kabisa. Tazama, nina mvi."

Akateremsha kichwa. Mtoto alinyoosha mkono, akashika nywele nyeupe za juu ya sikio, akazivuta kidogo kuhakikisha ni zake.

"Na mimi nitakuwa nazo?"

"Utakuwa nazo, tena nyingi, utachukia. Sasa niambie. Gauni lako tulifanye rangi gani?"

Mtoto aligeuka kumtazama mama yake, ambaye alikuwa ameketi na shuka mapajani, analikunja kunjo baada ya kunjo, halafu akamgeukia Fundi tena. Nilikuwa karibu nao wote, na niliona kwamba swali lile hajawahi kuulizwa.

"Ya chungwa," alisema.

"Haya," alisema Fundi, akachukua futi. "Simama wima."